Waridi la Bi. Hanna na Friza ya Mutiso

Nina miaka ishirini na tisa, na hapa Shauri Moyo watu wananiita Mstaafu. Jirani akinikuta nikianika nguo saa nne asubuhi, siku ya kazi, anapaza sauti: "Niaje Mstaafu, pensheni imeingia?" Nacheka. Halafu naingia ndani na kujiuliza nusu saa nzima kama alikuwa akinitania au akinisikitikia. Ndivyo nilivyo, na ni vizuri mjue mapema ni mtu wa namna gani anayewaandikia.

Kazi niliyostaafu ni hii: kwa miaka mitano niliwaambia watu wa nchi za theluji kama mawaridi yao yatavuka majira ya baridi, na wayafunike vipi. Theluji yenyewe sijawahi kuiona. Nilikaa ghorofani huko Kayole, juu ya duka la saruji na mabati, pamoja na vijana wengine watano wenye digrii kama yangu, tukijibu barua za wateja wa kampuni moja ya ng'ambo inayouza miche ya mawaridi. Wao wakilala, sisi ndiyo tunafungua kompyuta. Wakiamka, majibu yako tayari. Siku hizi kuna mashine inayojibu. Nimeijaribu, na naona inajibu vizuri kuliko nilivyojibu mwaka wangu wa kwanza, jambo ambalo linaniuma kidogo.

Nyinyi mnaomaliza chuo sasa mtapata kazi za namna hii, za kumshauri mtu aliye mbali juu ya kitu ambacho hujakigusa. Baadhi yenu mmeniuliza: ulikuwa unajua unachosema? Nitawajibu kwa waridi moja. Lilikuwa la Bi. Hanna, mjane anayeishi Kanada, kwenye nyanda tambarare ambako upepo hauna kitu cha kuuzuia. Lilipandwa na marehemu mumewe mwaka walipooana. Halikuwa na jina, na duka walikolinunua lilifungwa zamani. Kwa hiyo likifa, hakuna mahali pa kununua lingine. Na mimi ndiye niliyemwambia alifunue.

Lakini ngoja kwanza niwaambie nilivyojifunza, maana kosa halikuanzia hapo.

Siku yangu ya kwanza Wafula, msimamizi wetu, alinipa kitabu cha majibu na ramani yenye rangi. Nchi za baridi zimegawanywa kwa kanda, kila kanda na namba yake, na kila aina ya waridi imepewa namba ya baridi inayoweza kuvumilia. "Linganisha namba," Wafula aliniambia. "Zikipatana, mwambie apande. Zisipopatana, muuzie lingine. Na usiwahi kuandika neno samahani. Samahani ni ushahidi."

Niliipenda ile ramani. Mtu mwenye wasiwasi anapenda namba. Wiki ya pili mama mmoja wa nchi nyingine akaandika kwamba usiku ule hali ya hewa ingeshuka hadi nyuzi ishirini, afanye nini? Nikamjibu kwa furaha kwamba ishirini ni hali nzuri sana, hata mimi hapa nimevaa shati la mikono mifupi. Kumbe kwao wanapima kwa kipimo kingine, na ishirini yao maji yameganda zamani. Alinijibu kwa alama ya kuuliza moja tu. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila mteja lilikuwa: mnapima kwa kipimo gani? Nanyi mtaona ni swali la kijinga. Ulizeni.

Ramani pia haisemi mambo mengi. Nilikuwa na wateja wawili wa mtaa mmoja, waridi la aina moja. La mmoja likafa, la mwingine likachanua. Nilihangaika na jambo hilo siku nyingi kabla sijafikiria kuwauliza wamepanda wapi. La kwanza lilikuwa kwenye kona inayopigwa na upepo. La pili lilikuwa pale mwenye nyumba anapolundika theluji akifagia njia yake. Theluji hiyo ndiyo iliyolifunika. Ajabu, sivyo? Mimi nilidhani theluji ndiyo adui.

Aliyenifundisha kulitazama waridi lenyewe ni Mama Njoki. Alikuwa na kitalu cha miche pale chini ya ofisi yetu, kando ya barabara, mawaridi kwenye mikebe ya rangi na maziwa. Kwao ni Kinangop, ambako asubuhi za Januari unaweza kukuta umande umeganda juu ya viazi kama chumvi. Hiyo ndiyo jalidi, na ndiyo baridi pekee ya kuua mimea ambayo mtu wa karibu nami aliwahi kuiona kwa macho yake. Nilishuka ngazi na picha ya waridi la mteja kwenye simu. Majani yote yalikuwa yameanguka.

"Limekufa?" nikamuuliza.

"Majani hayakwambii kitu. Ulilikwaruza?"

"Liko Norwei, Mama."

"Basi mwambie yeye akwaruze. Hana kucha?"

Akachukua mche wake mmoja na kuparua gome kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake kulikuwa na kijani kibichi chenye maji. "Hapa kuna uhai. Ukikuta kahawia, kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena. Shuka mpaka ukutane na kijani. Ukifika ardhini hujakiona, bado usichimbe. Ngoja." Halafu akanionyesha uvimbe karibu na udongo, mkubwa kama goti la kuku. "Na hiki ni kiungo. Huyu wa chini ni wa porini, mizizi yake ni kazi tu. Huyu wa juu ndiye wa maua, ameungwa hapa. Baridi ikimuua wa juu, wa chini ataota kwa fujo, na mteja wako atashangilia. Usimwache ashangilie bure."

Niliandika yote hayo. Wafula akaniuliza kwa nini naenda shule kwa mama wa miche wakati kitabu kipo. "Kitabu hakina kucha," nikamwambia, na hiyo ndiyo mara pekee katika miaka mitano ofisi nzima ilicheka kwa sababu yangu.

Bado nilitaka kuiona baridi. Nilikuwa nikimshauri mtu, halafu narudi nyumbani nikiwaza: na kama si kweli? Kama mambo yote haya ni maneno tu? Ndipo nikamwendea Mutiso, ambaye ana bucha pale soko la Burma na anamfahamu baba yangu. Nilifika mchana, watu wamejaa wakingoja nyama ichomeke, na nimekumbatia mkebe wa waridi.

"Msomi," Mutiso akaniambia, "hiyo inachinjwa au inachemshwa?"

"Naomba uniwekee kwa friza, siku mbili."

Wateja wakashika mbavu. "Mutiso, siku hizi kachumbari yako ina miba?" Mwingine akasema, "Muache, amesoma sana huyo. Ikizidi huwa hivyo." Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Mutiso aliupokea mkebe, akaufunga kwa gunia safi, akauweka pembeni mbali na nyama.

Siku mbili baadaye waridi lilitoka jeusi, laini kama mchicha uliochemka. Nikaandika kwenye daftari: aina hii haistahimili. Na kwa wiki tatu nikawatisha wateja wote wenye aina hiyo. Niliwaambia wachimbue, waingize ndani ya gereji, wasithubutu kuliacha nje. Wazee waliinama kuchimba mawaridi yao kwa sababu ya friza ya Burma. Nikikumbuka nafumba macho.

Nilipomweleza Mutiso matokeo, alikuwa akinoa kisu. Hakuinua hata kichwa. "Ulilitoa wapi kabla ya kuniletea?"

"Juani, kwa Mama Njoki."

"Mimi nyama ya moto siitupi kwa friza, dada. Inaharibika. Naitundika ipoe kwanza, ndiyo iingie. Sasa wewe ulitoa mtu kwa jua la Kayole ukamtupa kwa barafu. Hata mimi ningekufa."

Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Kwenye kitabu cha majibu sentensi hiyo ilikuwapo, ukurasa wa tatu, na nilikuwa nimeisoma bila kuielewa: waridi huizoea baridi kidogo kidogo. Nikarudi na mche mwingine, wa aina ileile. Wiki tatu kabla sikuutia mbolea wala kuukata. Kisha Mutiso akauweka kwenye friji ya soda, wiki nyingine tatu, ndipo ukaingia friza. Ulipotoka, ncha zilikuwa zimekufa. Nikakwaruza kuelekea chini na katikati nikakutana na kijani. Nilipiga kelele, na mtu aliyekuwa akila mbavu akadhani nimejikata.

Kwa hiyo niwaachie haya. Majira ya joto yakielekea mwisho, acheni mbolea na mkasi, ili waridi lisitoe machipukizi mabichi yatakayoungua. Limwagilieni maji vizuri kabla ardhi haijaganda. Msiharakishe kulifunika. Ngojeni baridi ya kweli ianze, ndipo mlirundikie udongo kuzunguka shina, kimo cha mkono mpaka kiwiko, na majani makavu juu. Kifuniko hakiwekwi ili kulipasha joto. Kinawekwa ili libaki kwenye baridi ileile bila kupanda na kushuka. Haya nilikuwa nayajua vizuri Bi. Hanna aliponiandikia mara ya kwanza, mwezi wa kumi. Tulifunika pamoja, hatua kwa hatua. Alikuwa akinitumia picha, na mimi nikaweka hali ya hewa ya mji wake kwenye simu yangu, naitazama kabla ya chai. Mama yangu aliona.

"Huko kuna mtu?" akaniuliza.

"Kuna waridi."

"Mm," akasema, sauti ya mtu anayengoja kuambiwa ukweli siku nyingine.

Sasa angalieni nilichokuwa sikijui. Friza ilinifundisha jinsi waridi linavyoingia kwenye baridi. Haikunifundisha linavyotoka. Mche wangu ulitoka kwa Mutiso ukaja juani, na haukurudi tena ndani. Na sisi hapa Nairobi baridi yetu ni ya Julai: inakaa, inachosha, halafu Agosti ikiisha imeisha. Hakuna anayeweka sweta tayari kwa kuogopa Septemba. Kwa hiyo Aprili Bi. Hanna alipoandika kwamba theluji imeyeyuka, jua linawaka, vichipukizi vimeanza kuvimba, je, aondoe kifuniko, sikufikiria. Mimi ninayefikiria kila kitu, hapo sikufikiria. Niliandika: ndiyo, ondoa chote, baridi imekwisha.

Siku nne baadaye simu ikanionyesha kwamba baada ya siku mbili mji wake ungeshuka hadi nyuzi kumi na moja chini ya kuganda. Anga wazi, bila theluji. Nilielewa papo hapo. Kichipukizi kikishavimba kimeshaamka, na ule uvumilivu wa baridi kimeuacha. Nilipaswa kumwambia apunguze udongo kidogo kidogo, siku za mawingu, na auache palepale karibu ili aweze kuurudisha.

Bado kulikuwa na siku mbili. Sentensi moja ingetosha: rudisha udongo leo. Niliiandika mara nne. Mara ya kwanza nikaifuta kwa sababu Wafula alikataza kumwandikia mteja ambaye hajauliza. Mara ya pili nikawaza kwamba utabiri hukosea, na nitakuwa nimemtisha mama wa watu bure. Mara ya tatu nikaona kwamba nikimwambia arudishe, atauliza kwa nini nilimwambia aondoe. Mara ya nne sina hata sababu. Niliitazama tu mpaka zamu ikaisha, nikafunga kompyuta.

Wiki iliyofuata picha ikaja. Matawi yote yalikuwa meusi. Chini yake aliandika: "Nadhani niliharakisha. Mume wangu angenicheka."

Alijilaumu mwenyewe. Sijui kama mnaelewa jinsi jambo hilo lilivyonipa nafuu, na jinsi nafuu yenyewe ilivyonichefua. Nikamjibu kwa maneno ya kitabu: mawaridi mengine hushindwa kuvuka majira. Nikamwambia akwaruze. Akakwaruza mpaka ardhini, kahawia tupu. Nikamwambia akate yaliyokufa, asichimbe, angoje mpaka mwisho wa Juni. Ushauri huo ulikuwa sahihi, na sikupata raha yoyote kuutoa.

Mama Njoki alinisoma usoni. Nilimweleza habari ya jalidi, ya picha, ya kukata.

"Nani alimwambia afunue?"

"Kitabu kinasema majira yakibadilika..."

"Zena. Nimeuliza nani."

"Mimi."

Aliendelea kumwagilia miche. "Na anajua?"

Nilipanda ngazi nikaandika kila kitu. Kwamba mimi ndiye niliyekosea, si yeye. Kwamba naishi mji usio na theluji. Kwamba niliiona baridi ikija siku mbili kabla na nikanyamaza. Na neno samahani, mara moja. Wafula alisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akavuta pumzi ndefu. "Ukituma hiyo," akasema, "mimi nilikuwa msalani." Akaenda kweli. Nikatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Kwa hiyo uliiona ikija?"

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza?"

"Ndiyo."

Basi. Mei yote hakuandika. Kila nikifungua kompyuta asubuhi nilidhani nitakuta barua ya kufukuzwa. Haikuja, na kutokuja kwake hakukunituliza. Nilijibu barua za wengine polepole, nikirudia kila sentensi, hadi Wafula akaniuliza kama naandika Katiba.

Mwishoni mwa Juni ikaja picha. Chipukizi moja, nene, jekundu, limechomoza kwenye udongo mahali pale waridi lilipokuwa. Chini yake maneno mawili: "Ni lake?"

Kwao ilikuwa jioni, siku zao ndefu, na alikuwa bado macho. Nilikuza picha. Alikuwa amesogeza udongo pembeni ili kiungo kionekane. Nikaipiga picha skrini kwa simu yangu, nikashuka mbio kwa Mama Njoki. Akafuta mikono kwenye leso, akaishika simu karibu na macho, akaigeuza.

"Linatoka chini ya kiungo."

"Labda ni kivuli. Labda picha imepigwa kwa pembeni, Mama, labda likichanua..."

"Mwanangu," akasema, akanirudishia simu.

Njia ya kukwepa ilikuwapo, na ilikuwa nzuri. Ningeweza kumwambia asubiri hadi lichanue, kwani ni ua tu linaloweza kuthibitisha kabisa. Si uongo. Angepata mwaka mzima wa matumaini, labda zaidi. Nilipanda ngazi nikiipanga sentensi hiyo kichwani. Nilipokaa nikaandika nyingine: "Linatoka chini ya kiungo. Ni la porini. Waridi la mume wako limekufa." Nikatuma kabla sijaisoma mara ya pili, na mimi ni mtu anayesoma mara ya pili hata ujumbe wa kumwambia mama nimefika.

Jibu lilikuja kabla sijainuka.

"Najua. Nilikwaruza udongo kabla ya kukuandikia, na kiungo nakifahamu, yeye alinionyesha. Nilitaka kuona utachukua muda gani kuniambia ukweli. Dakika kumi na tisa. Aprili ulichukua siku kumi na saba."

Alikuwa amehesabu. Halafu akauliza: "Niling'oe?"

Kitabu kilikuwa na jibu: ndiyo, na hapa kuna orodha ya mawaridi mapya ya kununua. Nilimwandikia kwamba sijui. Kwamba la porini ni gumu, halitamsumbua na baridi, lakini litachanua rangi nyingine mahali palepale, na mimi siwezi kujua kama hilo litakuwa afadhali au vibaya zaidi kuliko shimo.

Hakujibu. Mwezi wa kumi aliandika tena, mstari mmoja, akiuliza kama sasa ni wakati wa kulifunika lile la porini.

Nilimuuliza kwanza kama ardhi imeanza kuganda.